Dirisha Moja, Mafundi Wawili

Nimeacha kazi ya kushona mwezi uliopita, na hata vipande vya uzi sijamaliza kufagia, nyie mafundi vijana wa sokoni Kashaulili mmeshaniletea daftari. Eti niandike. Mnataka kujua nilivyoanza na nani alinifundisha. Haya, nitaandika, lakini anayetaka habari za jinsi nilivyotoka cherehani moja nikafika nne akamuulize mume wangu, yeye ndiye anayependa kujisifia mali. Mimi nitawaeleza habari za dirisha.

Najua mtacheka. Siku hizi mna taa ndogo shingoni mwa cherehani, unabonyeza tu na sindano inaonekana. Ndiyo maana mnaweka cherehani popote. Wengine mmezielekeza ukutani, wengine mmeupa mlango mgongo kama mmegombana na wateja. Sisi umeme ulikuwa unakuja ukijisikia. Tulikuwa na jua, jua liliingia kwa dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Mzee Nestory. Mpimbwe wa Usevya, mrefu, mtu wa misa ya asubuhi kila siku, mkimya mpaka umkosee. Alikuwa fundi wa suti. Wakati huo sisi wa Mpanda bado tuko Mkoa wa Rukwa, na kijana akitaka suti ya harusi ama apande treni aende Tabora, ama aje kwa Mzee Nestory. Mimi nilifika kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Kawajense, binti wa miaka kumi na tisa, Mfipa mwenye mdomo, kichwa cha cherehani ya marehemu mama yangu nimejitwika. Nilikuwa nimeshona magauni ya majirani, kwa hiyo nilijiona fundi tayari.

Chumba kilikuwa kimoja, mlango ukitazama barabara ya sokoni, na dirisha kando ya mlango. Kabati la vitambaa lilisimama karibu na mlango likiziba nusu ya mwanga wake. Ukuta ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka kiunoni, kama maduka yote ya enzi zile. Mzee alikaa dirishani. Mimi nikaonyeshwa kona ya nyuma, dirisha likawa kisogoni kwangu. Siku hiyohiyo nikashona mkono wa shati, nikauona mzuri sana, nikampelekea. Akauangalia, akanirudishia. Nilipoufikisha mlangoni nikaona mshono unayumba kama mtu anayetoka kilabuni.

Akaniita, akanikalisha kwenye stuli yake. Ilikuwa mara ya kwanza na, kwa miaka miwili iliyofuata, ya mwisho. Akaniambia niweke mkono kwenye kitambaa nitazame kivuli. Andikeni hili. Mwanga ukitoka kushoto, sindano iko wazi, na kivuli cha mkono wa kulia kinaangukia upande wa gurudumu, ambako hakuna cha kutazama. Ukitoka kulia, mwili wa cherehani wenyewe unaiwekea sindano giza. Ukitoka nyuma, kichwa chako ndicho kinachokaa juu ya mshono. Ukitoka mbele, unakunja macho mpaka unazeeka, tena unamwona kila anayepita barabarani na kazi haiendi. Hili la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Dirisha lile lilitazama mashariki, kwa hiyo mpaka saa nne asubuhi jua liliingia kali, na Mzee alitundika kitambaa chembamba cheupe kulichuja. Akanikataza kuacha nguo ya mteja dirishani. Kitambaa kikilala pale siku tatu, palipokunjwa panapauka mstari, na mstari ule hautoki hata uufue kwa maombi. Najua, kwa sababu nilijaribu vyote viwili.

Nilipokwisha kujua hayo yote, nikalitaka dirisha. Sikutaka dirisha jingine, nilitaka lile. Nikaanza kwa upole. Nikamwambia upepo wa dirishani unaleta kifua kwa watu wazima. Kesho yake akaja na sweta. Nikamtuma mama mmoja, mteja wangu, amwambie kwamba bosi wa kweli hukaa nyuma, wanaokaa mbele ni makarani. Mzee akamshukuru sana kwa ushauri, akavuta stuli yake akaisogeza dirishani zaidi.

Nikanunua kioo. Nilikitundika ukuta wa pili kikipokea mwanga wa dirisha na kuutupa kwenye sindano yangu, na niwaambie, kinafanya kazi, jaribuni siku umeme ukikatika. Tatizo ni kwamba jua halikai mahali pamoja. Kufika saa tatu mwanga wa kioo ulikuwa umeiacha sindano yangu na kumpiga Mzee Nestory katikati ya uso. Akageuza uso. Nilipotoka kununua uzi na kurudi, nikakuta kioo kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Nikakigeuza. Kesho yake kimegeuzwa tena. Mtu wa misa ya kila siku, jamani. Tulikwenda hivyo wiki nzima, hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kazi iliyonishushia heshima ilikuwa sare za kwaya. Vitambaa vyeupe kabisa, nikavishona na uzi wa rangi ya maziwa, kwa sababu kule konani, kwenye ukuta wa kijani, nyeupe zote zinafanana. Jumapili kanisani, jua likiwapiga akina mama wa kwaya, kila pindo likaonekana kama limechorwa na kalamu. Mzee akaweka sheria. Kabla ya kukata na kabla ya kuchagua uzi, kitambaa kinapelekwa nje mlangoni kinaangaliwa. Mimi nikaongeza sheria yangu. Alipokwenda misa nikapaka chokaa ukuta wote wa kona yangu. Kona ikang'aa. Akarudi, akatazama, akasema ni kazi nzuri, nipake na upande wake.

Mtauliza kwa nini sikutoka tu barazani kama mafundi wengine. Nilimuuliza. Aliniambia baraza ni la viraka. Nilidhani ni majivuno, mpaka siku moja ya kiangazi nilipotoa gauni jeupe barazani na lori la mizigo likapita. Tulilifua mara mbili.

Sasa, kuna mambo niliyaona na nikayasoma vibaya. Mwaka wa pili Mzee aliacha kutundika kile kitambaa cha kuchuja jua. Akasogeza cherehani mpaka ikagusa ukuta wa dirisha. Akaanza kunipa sindano zake nimtungie uzi, eti nijizoeze, na mimi nilikuwa nimeshazoea kutunga tangu tumboni mwa mama yangu. Nikasema moyoni, huyu mzee roho mbaya inamzidi, anataka kuumeza mwanga wote peke yake. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa mjinga mwenye bidii.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Masalu, Msukuma mfugaji mwenye ng'ombe wengi kule pembezoni mwa Misunkumilo, sauti yake unaisikia kabla ya baiskeli. Mwanawe wa kwanza, Lukas, alikuwa anaoa, na bibi harusi alikuwa binti wa Usevya, kijijini kwa Mzee Nestory. Maana yake ni kwamba ukoo mzima ungekuja Mpanda na kuiangalia suti ile kama mtihani. Mzee Nestory alijua. Shamba lake alikwisha kumwachia mdogo wake, mke alikwisha kumzika, na kitu pekee kilichomfanya aitwe mtu kule nyumbani ni kwamba mjini yuko fundi mmoja wa suti, naye ni mtoto wao.

Masalu alileta kitambaa cheusi. Mzee alikata koti na kulishona mwenyewe, koti la kupendeza, mabega yamekaa kama yamezaliwa nalo. Siku chache baadaye akakata suruali, palepale dirishani, akanitupia vipande nishone. Nikashona konani kwangu, na uzi mweusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa saa saba mchana nikatoka barazani na pasi ya mkaa, nikanyoosha koti, nikalitundika. Nikatandika suruali juu ya meza.

Suruali ilikuwa ya bluu. Bluu ile nzito ya karibu na nyeusi, ambayo ndani inakudanganya na nje inakuumbua. Nikaishika karibu na koti, nikaiweka mbali, nikaigeuza. Kabatini palikuwa na kitambaa cha mwalimu mmoja, bluu, uzito uleule, kimekunjwa karibu na kile cheusi. Sheria ya mlangoni ilikuwa imevunjwa, na aliyeivunja ni aliyeiweka.

Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa furaha. Nikasema leo nimempata. Miaka miwili ya kona, halafu yeye na dirisha lake lote anakata bluu akidhani nyeusi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Halafu nikatazama lile dirisha kutoka nje, saa saba mchana, kweupe, nikamwona amekaa pale na uso karibu kabisa na kitambaa, na maneno yote yakanikauka. Mimi kona ilinidanganya. Yeye kilimdanganya nini? Pale alipokaa hakuna mtu mwenye macho angekosea.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaona pia kwamba Masalu anakuja saa kumi na moja kuchukua suti, na kesho Usevya nzima iko kanisani. Wakijua, Mzee Nestory atarudi kwao akishikwa mkono, na hadithi itakayomtangulia ni ya bwana harusi mwenye rangi mbili. Nikaikunja suruali, nikaificha chini ya kikapu cha mkaa, nikaingia ndani.

Nikamwambia nimeiunguza suruali kwa pasi.

Weee. Sitaandika aliyosema, kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa na familia yake wako hai. Alipomaliza akainuka, akaenda kabatini kupima kama kimebaki kitambaa cha kutosha. Mkono wake ukapita juu ya kile cheusi, ukachukua cha bluu. Akaketi dirishani, akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza mpaka puani. Nikawa nimesimama nyuma yake sijui niweke wapi mikono.

"Editha," akasema, bila kugeuka. "Hii ni nyeusi?"

"Ni ya bluu, Mzee."

Akakishusha kitambaa mapajani. Barabarani mtu alikuwa anapita na mbuzi, mbuzi akilalamika.

"Na ile uliyounguza?"

"Ilikuwa ya bluu pia."

"Kwa hiyo hukuunguza."

"Nimeunguza, Mzee," nikamwambia. "Na nyie mwenyewe mtasema hivyohivyo kwa yeyote atakayeuliza."

Akakikunja kile kitambaa. Nilidhani atalia, na kama angelia mimi ningekimbia mpaka Kawajense. Kisha akajivuta, akainuka, akashika stuli yake mwenyewe na kuinyoosha kunielekea.

"Kaa hapa basi," akasema. "Jua limekwisha kuvuka paa."

Hivyo ndivyo nilivyolipata dirisha, na siku hiyo ningetoa chochote nisiwe nalo. Nilikata suruali ya suti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, waulizeni wote walioshona majoho. Huoni mshono, unaona tu mahali ambapo kitambaa haking'ai. Saa tisa bado nilikuwa naiona sindano vizuri. Saa kumi dirisha likaanza kupoa, maana mwanga wa mashariki ni wa asubuhi, na nikawa nashona nimeinama mpaka kope zinakaribia kushonwa.

Mzee alikuwa amekaa konani kwangu, ukuta mweupe nyuma yake. Kila nilipomaliza kipande nilimpelekea, naye alipitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye mshono wa makalio kidole kikasimama. Akasema hapa imeruka mishono mitatu. Nikatazama dirishani, sikuona kitu. Nikatoka nje mlangoni, nikatazama juani, na kweli, mitatu, siyo miwili wala minne. Nikafumua, nikashona upya. Vifungo alivishona yeye kwa mkono, macho yakiwa yanatazama mlangoni, na hakuna hata kimoja kilichokaa upande.

Masalu na Lukas wakafika na baiskeli mbili wakati nanyoosha mkunjo wa mwisho. Masalu akasalimia, akachungulia ndani, akashangaa. Akauliza kulikoni leo, mwalimu kakaa kona na mwanafunzi kakaa dirishani. Nikafungua mdomo nijitetee, lakini Mzee Nestory alikuwa amenitangulia.

Jamani, yule mzee mkimya. Sijui maneno alikuwa ameyaweka wapi miaka yote. Alisema binti huyu ameunguza suruali ya bwana harusi, tobo kubwa kama sahani, kwa sababu alikuwa anatazama vijana barabarani. Alisema moshi ulifika mpaka sokoni. Alisema amelazimika kumkatia upya, na amemkalisha dirishani, mwangani, ili amwone vizuri asije akaunguza na koti. Alieleza harufu. Alieleza nilivyopiga magoti kuomba msamaha. Nilimtazama, na nawaambia, alikuwa anafurahi. Masalu akacheka mpaka akashika mlango, Lukas akavaa suti, suti ikakaa, na wakaondoka wakiicheka ile habari njia nzima.

Kesho yake kanisani watu wa Usevya waliisifu suti na waliniuliza mimi habari za pasi. Kufika Jumatatu Kashaulili yote wananiita Mama Pasi, na mimi hata mtoto sina. Wengine wenu mnaniita hivyo mpaka leo, na mlidhani ni kwa sababu napenda nguo iliyonyooka.

Mzee alifanya kazi miaka mingine mitano. Yeye alikaa konani akipokea wateja, akiwapima, akiwagusa mabega na kuwaambia bega lenu la kulia limeshuka, na wateja wakiona maajabu. Futi ya kupimia niliisoma mimi kwa sauti, kana kwamba najifunza. Mimi nilikata dirishani. Rangi ikihitajika nilisema tu, "Mzee, hii nyeusi nimeipeleka mlangoni," naye alitikisa kichwa kama bosi. Ile suruali ya bluu tuliirekebisha kiuno, tukampa mwalimu mwenye kitambaa chake. Mzee alipoikunja kumkabidhi alipitisha kiganja mbele na nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba imepona haraka sana. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia akinitania, na nilicheka mpaka mwalimu akadhani namcheka yeye.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini alirudi Usevya kwa hiari yake, na begi lake mwenyewe mkononi, suti yake mwilini, watu wakimpokea kama fundi aliyestaafu. Ndicho nilichokitaka. Lakini msidhani ilikuwa rahisi kwangu. Mzee Masalu alipomwoza mwanawe wa pili aliniletea kitambaa, nikamshonea suti nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Alipokuja kuichukua akaipokea haijanyooshwa. Akasema kwa huruma kabisa kwamba kushona najua, Mungu kanijalia, ila pasi atampa mtu mwingine. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaukunja pamoja na koti, nikamfungia kwenye gazeti.

Nilikwenda kumwona Mzee Nestory Usevya kabla hajafariki. Alikuwa haoni kabisa. Alikaa uani, uso ameuelekeza kule anakohisi joto la jua, na akaniuliza kama bado wananiita lile jina. Nikamwambia bado. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Siku ukiacha kazi, waambie," akasema. "Usizeeke na kosa langu."

Mzee alikwisha kuondoka duniani, Masalu naye akamfuata, na mimi nimeacha kazi. Kwa hiyo liandikeni kwenye daftari lenu, na mkawasomee wale wa sokoni kwa sauti. Tangu nianze kushona mpaka leo, mimi Editha sijawahi kuunguza nguo ya mteja kwa bahati mbaya. Ile moja niliiunguza kwa mdomo tu, tena kwa makusudi.